Sikio la mtoto linatoa usaha: jinsi ya kulikausha na kuweka dawa

Mama mmoja alirudi zahanati siku ya saba, chupa ya matone imekwisha na sikio la mwanawe bado linanuka. Nilikuwa nimempa dawa inayofaa, na maelezo nilimpa kwa mdomo tu. Nikamwambia, "Hebu mama, nionyeshe unavyomwekea nyumbani." Akamlaza mtoto, akadondosha matone matatu juu ya usaha uliojaa hadi kwenye tundu. Dawa yote ikateremka shavuni. "Si hivyo, nesi?" akaniuliza. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemwonyesha kukausha.

Tangu siku ile simpi mzazi chupa kabla sijamwona akikausha sikio kwa mikono yake. Haya nayaandika kwa wauguzi wenzangu, hasa mnaoanza kazi kwenye zahanati, na kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa aina hii.

Hatua ya 1: Papasa nyuma ya sikio

Kabla ya kuangalia usaha, weka vidole nyuma ya masikio yote mawili kwa pamoja, ulinganishe. Ukikuta uvimbe unaouma, au sikio moja limesukumwa mbele, maambukizi yameingia kwenye mfupa. Kwa mtoto mchanga uvimbe huo unaweza kuwa juu ya sikio. Huyo hana muda wa utambi, yaani kitambaa cha kukaushia sikio: mpe dozi ya kwanza ya antibayotiki, parasetamoli ya maumivu, na rufaa siku hiyohiyo. Rufaa hiyohiyo ni ya mtoto aliyelegea, mwenye shingo ngumu, anayetapika kila kitu, au ambaye uso umevutwa upande mmoja.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Uliza usaha ulianza lini. Wengi hawatakutajia tarehe. Watakwambia "tangu Idi" au "tulipokuwa tunavuna mpunga". Kaa nao mhesabu, maana IMCI, mwongozo wa WHO na UNICEF wa kutibu magonjwa ya watoto, unagawa matibabu kwenye siku ya 14. Usaha wa chini ya siku 14, au sikio linalouma, ni maambukizi mapya: amoksilini ya kunywa kwa siku 5 kulingana na uzito, parasetamoli, na kukausha. Siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu. Hapo dawa ya kunywa haisaidii sana. Kazi inafanywa na kukausha pamoja na matone ya kundi la siprofloksasini, mara 3 kwa siku kwa wiki 2.

Usaha wa sikio moja tu wenye harufu kali, kwa mtoto anayetambaa au kuchezea nafaka, ukufanye ufikirie pia harage au punje ya mahindi ndani. Usimwagie maji, mbegu itavimba. Mpeleke kwa mwenye vifaa vya kuitoa. Ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya toi, ni dharura: usiweke tone lolote, aondoke sasa hivi.

Hatua ya 3: Tengeneza utambi

Chukua kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Kanga mpya ina dondo, haifyonzi. Ifue, ichemshe, ianike juani, ipige pasi, kisha ikate vipande vya upana wa vidole viwili. Sokota pembe moja ya kipande mpaka ipate ncha laini, na upande wa pili uache mpana wa kushika. Karatasi ya chooni hukatika na kubaki ndani ya sikio, mimi siitumii. Vijiti vya pamba, njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku vikae mbali kabisa: ngoma ya sikio la huyu mtoto mara nyingi tayari ina tundu, na kitu kigumu kitalipanua.

Hatua ya 4: Kausha

Osha mikono. Mama ampakate mtoto, mkono mmoja uzungushwe juu ya mikono yake, mwingine ukishika paji la uso ili kichwa kitulie kifuani. Mtoto wa chini ya miaka 3, vuta sikio taratibu kwenda chini na nyuma. Mkubwa zaidi, juu na nyuma. Hapo njia inanyooka.

Ingiza ncha ya utambi mpaka ikutane na ukinzani mdogo, uache. Usizungushe wala usisukume. Utaona unyevu unapanda kwenye kitambaa kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Baada ya dakika moja hivi utoe, uutazame: wa kwanza huja mzito, wa kijani au njano. Weka mwingine mpya. Endelea mpaka utambi utoke mkavu, hata kama ni wa sita. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku, kila siku, mpaka usaha uishe. Zilizotumika zichomwe au zitupwe chooni.

Hatua ya 5: Weka matone

Shika chupa kwenye kiganja kwa dakika chache ipate joto la mwili, kwani dawa baridi humpa mtoto kizunguzungu. Mlaze kwa ubavu, sikio bovu juu, udondoshe matone kama yalivyoandikwa. Kisha bonyeza mara kadhaa kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, dawa isukumwe ndani. Abaki hivyo dakika 5.

Wazazi wengi hushtuka wakisoma kwenye chupa kwamba dawa ni ya macho. Waeleze vizuri: siprofloksasini ya macho inaweza kuwekwa sikioni, lakini dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya sikio isiguse jicho kamwe. Na chupa ya macho ikishatumika sikioni, isirudi machoni mwa mtu yeyote; mimi huibandika plasta na kuchora sikio juu yake. Matone ya jentamaisini yaepuke kwenye ngoma iliyotoboka, yanaweza kuharibu usikivu.

Maziwa ya mama, mafuta ya nazi, mkojo: visiingie. Wala sikio lisizibwe na pamba kutwa nzima, usaha unahitaji kutoka. Wakati wa kuoga tu, pamba iliyopakwa vaselini ikae mlangoni mwa sikio, itolewe mara moja baadaye. Kuogelea kusubiri.

Hatua ya 6: Mwite tena siku ya 5

Mwombe mama akaushe mbele yako. Papasa tena nyuma ya sikio. Halafu simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono, sikio lisiloumwa limezibwa kwa kidole, umnong'oneze jina lake. Asipogeuka, andika kwenye kadi yake. Usaha ukiendelea baada ya wiki 2 za kukausha vizuri, au bado hasikii mnong'ono, mwandikie rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na umweleze mama kwamba utambi uendelee mpaka siku ya miadi.