Somo: Farasi mwoga akitolewa peke yake

Farasi anayetembea vizuri na wenzake, kisha akagoma langoni akiwa peke yake, si mkaidi. Ni mnyama wa kundi, tena mnyama anayewindwa. Kundini macho ya kulinda ni mengi. Peke yake anabaki na mawili. Kazi yako ni kumfanya aone kwamba wewe unatosha kuwa mwenzake.

Hatua ya 1: Ondoa maumivu kwanza. Mgongo, meno, kwato na tandiko vikaguliwe. Akiwa amebadilika ghafla, aanze kuonwa na daktari wa mifugo. Tazama na chakula: anayeshiba nafaka na kufungiwa bandani kutwa nzima hutoka na nguvu asizojua pa kuzipeleka.

Hatua ya 2: Tembea naye kwa miguu. Vaa glavu, shika kamba ndefu, na usiizungushe mkononi. Akikurupuka itakuvunja vidole. Kaa usawa wa bega lake. Mfundishe kusimama, kurudi nyuma na kusogeza nyonga pembeni. Ukishapanda, hizo ndizo breki zako.

Hatua ya 3: Tafuta mpaka wake. Hapa ndipo somo lilipo, na ndipo wengi wanapoharakisha. Kuna mahali njiani ambapo shingo inapanda, masikio yanakakamaa na hatua zinafupika. Simama kabla ya hapo. Mwache atazame. Akishusha kichwa na kutoa pumzi ndefu, msifu, geuka, rudini. Watu hugeuza farasi baada ya fujo kuanza, naye anajifunza haraka sana kwamba fujo ndiyo njia ya kurudi nyumbani. Geuka angali ametulia. Siku nyingine mpaka utasogea mbele, siku nyingine utarudi nyuma, wala si hasara.

Hatua ya 4: Panda. Anza na farasi mwenzake aliye mtulivu, mpokezane kutangulia, kisha muachane nafasi kubwa zaidi kila mara. Halafu nenda peke yako, kwa njia ile ile mliyoizoea kwa miguu, kwa mwendo wa kutembea tu.

Hatua ya 5: Akishtuka. Usimlazimishe kukikabili kitu uso kwa uso. Mpitishe kwa mbali, kichwa kikiwa kimegeuzwa kidogo upande wa pili. Usivute hatamu zote mbili kwa nguvu, maana farasi anayejiona amebanwa hutafuta pa kuruka. Tumia moja, mzungushe taratibu mpaka atulie. Na imba! Huwezi kuimba huku umezuia pumzi.

Kofia ngumu ni lazima. Mwambie mtu njia unayopita, na simu ikae mwilini mwako, si kwenye tandiko. Farasi akikimbia itaondoka naye.

MASWALI

Mwalimu, akiganda kabisa nitumie fimbo?
Hapana. Utamthibitishia kwamba pale pana jambo la kuogopwa. Msogeze hatua moja kushoto, moja kulia. Miguu ikifunguka, mara nyingi na akili hufunguka. Ikishindikana, shuka umwongoze.

Nikishuka si ataona ameshinda?
Habari za kushinda ni zetu wanadamu. Yeye anachokumbuka ni kama alipita salama. Ila shuka mapema. Kushuka huku anaruka ndiko kunakovunja watu mifupa.

Wangu kutoka hana shida, ila kurudi anakimbilia zizini.
Kila akiharakisha, mgeuze mrudi nyuma kidogo, bila hasira, kisha endeleeni. Mkifika karibu, pita lango mara kwa mara bila kuingia. Na chakula kisimngoje bandani; akikikuta kila akirudi, unamlipa kwa haraka yake.

Samahani mwalimu, mwoga ni mimi, farasi hana neno.
Basi naye atakuwa mwoga karibuni, kwa sababu mapaja yakibana na mikono ikikaza anahisi. Mwombe mtu atembee kando yenu kwa miguu, na hatua ya 3 uifanye kwa ajili yako.

Siku ya upepo mkali je?
Mbaki uwanjani. Upepo unatikisa kila kitu na kuchanganya harufu na sauti, hata farasi jasiri hupata taabu. Atakapokuwa amezoea njia kwenye hali tulivu, mtoe kwenye upepo mwepesi kwanza.