Somo: nRF24L01 haitumi wala haipokei? Usiguse msimbo kwanza

Wengi wanaotumia nRF24L01, moduli ndogo ya redio inayounganishwa na Arduino (ubao mdogo unaoandikiwa programu), wakiona "imeshindikana kutuma" hukimbilia kufuta na kuandika upya msimbo. Subiri. Hapa kuna mazungumzo mawili: Arduino na moduli yake kupitia nyaya, kisha moduli na mwenzake hewani. Yale ya kwanza yakikatika, ya pili hayana pa kuanzia. Basi weka ubao mmoja kando, tuanze na huo mwingine peke yake.

Hatua ya 1: Umeme

Hapa ndipo nawaomba mtulie. VCC (pini ya kuingizia umeme) inataka volti 1.9 hadi 3.6; ukiipa 5 umeiunguza. Pini nyingine zinavumilia ishara za volti 5, ndiyo maana tunaziunganisha na Uno (aina ya ubao wa Arduino) moja kwa moja. Kinachosumbua zaidi ni mkondo. Pini ya 3.3V ya Uno imepangiwa miliampea 50, na ile moduli yenye antena ndefu na kikuza mawimbi huvuka 100 inapotuma. Volti inashuka kwa kitambo kidogo ambacho multimita ya kawaida haikioni, na pakiti inapotea.

Weka kapasita ya maikrofaradi 10 hadi 100 kati ya VCC na GND (upande hasi wa umeme), karibu kabisa na moduli, mguu hasi ukiwa GND. Moduli ya antena ndefu ipe regyuleta (kifaa cha kutuliza volti) yake ya 3.3V, na GND zote ziungane. Niliwahi kupoteza siku mbili nikiandika upya programu nzima, kumbe kilichokosekana ni kapasita moja.

Hatua ya 2: Nyaya

Uno: MOSI (data kwenda kwenye moduli) 11, MISO (data kutoka kwenye moduli) 12, SCK (saa) 13. Mega, ubao mkubwa wa Arduino: 51, 50, 52. MOSI huenda kwa MOSI na MISO kwa MISO. Hazipishanishwi kama TX (kutuma) na RX (kupokea) za mawasiliano ya serial. CE (pini ya kuwasha redio) na CSN (pini ya kuiteua moduli) unachagua mwenyewe, mradi zifuate mpangilio wa mstari huu wa maktaba ya RF24, `RF24 radio(9, 10);` yaani CE kwanza.

Hatua ya 3: Iulize moduli

```
if (!radio.begin()) {
  Serial.println("Moduli haijibu");
  while (1) {}
}
radio.openReadingPipe(1, anwani);
printf_begin();
radio.printDetails();
```

Usisahau `#include <printf.h>` juu. `printDetails()` huchapisha mipangilio iliyosomwa kutoka kwenye moduli. Ukiona 0x00 au 0xff tupu kila mstari, rudi hatua ya 1 na 2. Ukiona anwani uliyoiweka mwenyewe, nyaya ziko sawa, ila CE bado haijapimwa.

Hatua ya 4: Hewani

Sasa leta ubao wa pili. Chaneli, kasi na anwani zilingane pande zote. Chaneli 76 maana yake ni MHz 2476, kwa hiyo Wi-Fi ni jirani yako. Ukihama, chagua chaneli inayoruhusiwa nchini mwako. Anza na `RF24_PA_LOW` (nguvu ndogo ya kutuma), moduli zikiwa mita moja hivi. Mpokeaji aite `startListening()`, mtumaji `stopListening()`.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, write() (amri ya kutuma) inarudisha false, lakini mpokeaji anaonyesha ujumbe. Inakuwaje?*

Ujumbe umefika, uthibitisho ndio haukurudi. Ili kuurudisha, mpokeaji naye lazima atume, kwa hiyo angalia umeme wa upande wake. Kisha jaribu `radio.setRetries(5, 15)`: marudio 15, kila moja baada ya mikrosekunde 1500.

*Natuma kutoka Uno kwenda ESP32 (ubao wa aina nyingine). Zinafika, ila namba ni za ajabu.*

Ndugu, `int` ya Uno ni baiti 2, ya ESP32 ni 4. Tumia `int16_t` pande zote. Kama ni struct (data kadhaa zilizofungwa pamoja), iongezee `__attribute__((packed))` ili isiachwe nafasi tupu katikati, na jumla isizidi baiti 32.

*Kasi ya 250 kbps imekataa kwangu, ila 1 Mbps inakubali.*

Soma maandishi ya chipu. Ile ya zamani isiyo na alama ya + haina 250 kbps. Baki na 1 Mbps.

*Nikishika moduli kwa kidole inafanya kazi, nikiachia inakufa. Kapasita nimeshaweka.*

Nashuku waya uliolegea kwenye bredibodi, au GND. Badilisha nyaya zote ziwe fupi, kisha ulete hapa matokeo ya `printDetails()` ukiwa umeshika na ukiwa umeachia, tuyalinganishe.