Kuchagua king'ora cha wizi katika nyumba yenye mbwa

Waliojenga Iyumbu, Nzuguni au Ilazo hapa Dodoma, hasa kwenye viwanja ambavyo majirani bado hawajahamia, hufuga mbwa kwanza na kufikiria king'ora baadaye. Mpangilio huo una mantiki, lakini mwizi anayeijua kazi yake humrushia mbwa kipande cha nyama chenye sumu kabla ya kuruka ukuta, na hapo nyumba hubaki bila mlinzi. Kuweka vyote viwili ni uamuzi mzuri, ilimradi king'ora kichaguliwe kwa kumzingatia mbwa, kwa kuwa kifaa kinachopiga kelele mara tatu usiku kwa sababu yake kitazimwa na mwenye nyumba mwenyewe kabla ya wiki kwisha.

Kabla ya kuuliza bei, mweleze fundi mbwa analala wapi na anaruhusiwa kufika wapi. Mbwa anayefungwa bandani mchana na kufunguliwa uani usiku, kama ilivyo katika nyumba nyingi za hapa, haleti shida kubwa kwa vifaa vya ndani. Anayelala sebuleni, au ambaye watoto humwingiza kimyakimya wakati wa baridi ya Julai, anabadilisha kila kitu.

Kwa maoni yangu, fedha za mwanzo zielekezwe kwenye milango na madirisha. Swichi ya sumaku ina vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye mlango, na vikiachana king'ora hulia. Mbwa anaweza kuzunguka nyumba nzima bila kuigusa. Faida nyingine ni kwamba humnasa mwizi anapofungua, si baada ya kuingia, na inaweza kuwashwa hata familia ikiwa imelala ndani. Kama milango yako ni ya chuma, dai swichi zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, kwa sababu chuma hupunguza nguvu ya sumaku na swichi ya kawaida hufanya kazi kwa kubahatisha. Udhaifu wake ni kwamba haimwoni mtu aliyeng'oa bati na kushuka kupitia dari, wala aliyevunja kioo bila kufungua dirisha. Kwa sababu hiyo sensa ya mwendo bado inahitajika, angalau moja kwenye korido inayounganisha vyumba.

Sensa ya mwendo ya kawaida haitambui umbo la mtu. Inapokea miale ya infraredi, yaani joto linalotoka kwenye miili na vitu, na hushtuka pale kitu chenye joto tofauti na la ukuta kinapokatiza mbele yake. Zile zilizotengenezwa kwa nyumba zenye wanyama hupuuza eneo la karibu na sakafu, au hudai joto lionekane juu na chini kwa pamoja ndipo zitoe ishara. Kwenye boksi huandikwa uzito wa mnyama anayevumiliwa, mara nyingi karibu kilo 25, ingawa zipo zinazofika 36. Mbwa wa kienyeji kwa kawaida yuko chini ya kikomo hicho, lakini German Shepherd dume hufika kilo 30 hadi 40. Usikisie: simama naye kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako, akikushinda kumbeba, mizani ya kupimia magunia itafaa.

Hata hivyo, uzito ni makadirio tu, kwani sensa haina mizani. Inachojali ni ukubwa wa joto linaloonekana na urefu wake kutoka sakafuni. Mbwa mwenye manyoya mafupi huonyesha joto zaidi kuliko mwenye manyoya mazito, na mbwa mdogo aliyepanda juu ya kochi anaonekana kama mtu. Kwangu sensa ya kwanza ilifungwa ikitazama kochi, nasi tuliamshwa usiku mbili mfululizo na mbwa wa kilo 16. Ifungwe kwenye urefu uliotajwa na mtengenezaji, kwa kawaida kati ya mita 2.1 na 2.4, bila kuinamishwa, na isitazame ngazi wala samani ambazo mbwa hupanda.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Oktoba na Novemba, chumba chenye bati jepesi juu kinaweza kukaribia joto la ngozi ya mtu, na sensa hafifu ikashindwa kumwona mwizi; usiku wa Julai tofauti ya joto huongezeka, na mbwa yuleyule aliyepita bila shida huanza kuishtua. Chagua sensa inayojirekebisha kulingana na joto. Kama mbwa ni mkubwa na analala ndani, ongeza fedha upate yenye infraredi pamoja na maikrowevu (mawimbi ya redio yanayogundua kitu kinachosogea), ambayo hulia tu njia zote mbili zikikubaliana.

Uani, ambako mbwa yuko huru, tumia vifaa vinavyorushiana jozi za miale isiyoonekana inayopita sambamba na ukuta, ambayo yote lazima ikatizwe kwa wakati mmoja ndipo king'ora kilie; ipandishwe juu ya mgongo wa mbwa, na vumbi lifutwe kwenye vioo vya vifaa hivyo mara kwa mara.

Kisanduku kikuu, kinachopokea ishara za sensa na swichi zote na kukiamuru king'ora kilie, kisiwekwe darini, kwa kuwa joto la chini ya bati hufupisha maisha ya betri inayokiwezesha kuendelea umeme unapokatika. King'ora chenyewe kikae mbali na banda. Masikio ya mbwa husikia sauti nyembamba hadi takriban hezi 45,000, wakati yetu huishia 20,000, na sauti ya desibeli 110 karibu naye ni mateso.

Kabla ya kumalizia malipo, mwambie fundi aweke mfumo katika hali ya majaribio, ambapo taa ya sensa huwaka bila king'ora kulia. Mlete mbwa saa ya chakula, anapokuwa na fujo zote, umwache akimbie na kuruka apendavyo. Kisha tembea wewe mwenyewe polepole, halafu ukitambaa. Ikiwaka kwa mbwa au ikakaa kimya kwako, sensa ihamishwe siku hiyohiyo.