Kupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa siki na kuzitibu siku hiyo hiyo: kwa wauguzi wa Moshi na Arusha

Siki iandaliwe kabla mama hajapanda kitandani. Inatakiwa asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Siki nyeupe ya dukani inafaa ikiwa lebo inasema asilimia 5, na hiyo usiiongeze maji. Ukiwa na asidi kali ya asetiki ya maabara, pima kwanza mililita 95 za maji safi, kisha ndiyo umimine mililita 5 za asidi. Andika tarehe kwenye chupa; jioni mwaga iliyobaki. Asidi isiyozimuliwa inaunguza vibaya, kwa hiyo chupa yake isikae kabisa kwenye chumba cha uchunguzi.

Julai Moshi ina baridi, basi chovya spekula, kifaa cha kupanulia uke, kwenye maji ya uvuguvugu. Chuma baridi humfanya mama akaze misuli, na ukilazimisha, damu inatoka na huoni kitu. Aliye hedhini apangiwe siku nyingine. Aliyekwisha koma hedhi, mara nyingi mpaka wa seli za ndani na za nje umeingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, hauonekani; kwake kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ni bora kuliko siki.

Futa ute kwa pamba kavu, kisha tafuta mpaka huo: pale wekundu wa ndani unapokutana na waridi wa nje. Mabadiliko huanzia hapo. Lowesha pamba kwa siki, ibandike kwenye mlango wote, na uangalie saa. Dakika moja kamili. Foleni ikiwa ndefu, sekunde 20 huonekana zimetosha. Lakini weupe ambao siki huuleta kwenye seli zilizobadilika unakuwa haujapata muda wa kujitokeza, mama anaandikiwa hana tatizo, na huenda asirudi tena kwa miaka.

Weupe wa kutiliwa maanani ni mzito, kama ute wa yai lililochemshwa, una kingo zinazoonekana wazi na umegusa mpaka. Weupe hafifu unaofifia pembeni bila kingo kwa kawaida si tatizo. Vivimbe vidogo vya mviringo vyenye ute ndani huwababaisha wanaoanza. Navyo si dalili ya saratani.

Tiba ya joto, yaani kuchoma doa hilo jeupe kwa mashine, ina masharti, na lazima yote yatimie: doa lote linaonekana, haliingii ndani ya mfereji, limefunika chini ya robo tatu ya mlango, hakuna dalili ya saratani, na mama si mjamzito. Hapo mtibu palepale. Aliyeshuka kutoka Kibosho au Uru kwa nauli ya kukopa usimwambie arudi wiki ijayo.

Kichwa cha mashine kifikie nyuzi 100 za Selsiasi, kikae sekunde 20 hadi 30, kisha kihamishe huku kila duara likigusana na lililotangulia, hadi eneo lote la mpaka liishe. Kosa la kawaida ni kuchoma doa peke yake na kuacha ukingo. Kabla hujagusa, mwambie: “Mama, utasikia tumbo kukaza kama la hedhi, litapita.” Ukimaliza, mweleze kuwa majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa na kwamba asikutane na mumewe kwa wiki 4, ikishindikana, kondomu. Homa, usaha wenye harufu au damu kuzidi hedhi, arudi siku hiyo hiyo. Kipimo cha marudio ni baada ya mwaka 1. Wanawake wenye VVU wako katika hatari takriban mara 6 zaidi, hivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, wengine 30.

Ukikuta uvimbe kama koliflawa, kidonda, au nyama inayotoa damu ikiguswa tu, weka mashine chini. Joto halitibu saratani, linachelewesha tiba yake. Mpe rufaa akachukuliwe kinyama cha vipimo, KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, au hospitali nyingine yenye daktari bingwa wa wanawake. Kwenye barua andika wingi wa damu, majibu ya figo na ya VVU. Figo zina uzito wake: uvimbe ukibana mirija ya mkojo, figo huharibika, na sisplatini, dawa ya saratani inayotolewa kila wiki pamoja na mionzi, huenda isiwezekane. Chora duara kama uso wa saa na uonyeshe uvimbe uko saa ngapi, na usimruhusu aondoke kabla hujaandika namba ya simu yake na ya ndugu mmoja anayeishi naye.