Kusoma kwa masafa ukiwa kazini: anza na saa, bando na watu wa nyumbani

Nafundisha darasa la 4 kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, na shahada yangu ya elimu nimeisoma hukuhuku bila kuacha kazi. Walimu wenzangu wanaotaka kuanza huniuliza ada. Nami huwaambia: mwalimu, uliza kwanza masomo yatakufikiaje.

Viko vyuo vinavyokupa moduli, za karatasi au PDF, ukajisomea kwa muda wako na kuonana na wahadhiri ana kwa ana siku chache tu. Vingine hufundisha mubashara kwa Zoom, saa maalumu, na mahudhurio yanahesabiwa. Vingine huchanganya: kazi unapakia kwenye mfumo wa chuo wa mtandaoni, kama Moodle, mtihani unafanyia kituoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, kwa hiyo si lazima kila mtu afunge safari ya Dar es Salaam. Kama kwenu mtandao unashika mpaka upande juu ya jiwe, kozi ya mubashara iache, hata ikiwa na ada ndogo.

Bando lipangie kazi. Video ya saa moja inakula mamia ya MB, sauti peke yake makumi tu, kwa hiyo muombeni mhadhiri awarekodie sauti. Moduli zote za muhula pakua kwa mkupuo siku mtandao uko vizuri. Ile ngumu kuliko zote ipeleke stesheneri ikachapwe.

Sasa saa, na hapa nisikilize sana. Muhula wa pili mfumo uliandika mwisho wa kupokea kazi ni tarehe 15, 00:00. Nikajua ninayo siku nzima ya tarehe 15. Jioni, nimemaliza kusahihisha madaftari, nafungua mfumo: kitufe cha kupakia hakipo. Kumbe 00:00 ya tarehe 15 ni saa sita ya usiku wa kuamkia hiyo 15, ilishapita tangu jana yake. Kurasa 12 nilizoandika kwa mkono kisha nikazichapa kwa simu, zikapata sifuri. Niliumia sana. Tangu hapo kila tarehe ya mfumo naiandika daftarini kwa saa zetu: "mwisho tarehe 14, kabla ya saa 6 usiku", halafu narudisha nyuma siku 2. Ukishapakia, piga picha ya skrini inayoonyesha kazi imepokelewa, uitunze mpaka matokeo yatoke.

Nyumbani nako kuna kazi. Mama mkwe alikuwa ananiona nimeinamia simu kila usiku, akaamini nachati. Hakusema, ila nilimsikia anavyoweka sufuria chini. Nikachukua moduli moja iliyochapwa, nikakaa naye jikoni, nikamsomea ukurasa unaoeleza mtoto anavyojifunza kuhesabu kwa kushika vitu. Akasema, "Hata sisi tulihesabu kwa kokwa." Kuanzia usiku ule ndiye aliyekuwa anawafukuza wanangu mlangoni: "Mwacheni mama yenu anasoma." Simu haionekani kama kitabu, ndugu yangu. Waonyeshe karatasi.

Tafuta wenzako wawili wa kozi moja, mpigiane kila Jumamosi, kila mmoja aeleze mada moja bila kusoma. Kundi la WhatsApp la darasa zima ni la matangazo, usilitegemee kwa masomo.

Mtihani ukiwa Mwanza, vuka mapema, angalau siku moja kabla. Ziwa likichafuka, msimamizi hatakusubiri. Kitambulisho na kibali cha mtihani viweke kwenye mfuko usiopitisha maji kabla hujapanda meli, na kalamu beba tatu.