Kugawa seromu iliyo depo na iliyo njiani wakati kipindupindu kinapopanda: mwongozo kwa wasimamizi wa depo za dawa Goma

Kandokando ya Ziwa Kivu kipindupindu hakiishi kabisa. Hushuka, hutulia, kisha hupanda tena, hasa watu wanapohama na maji safi yanapokosekana. Mwezi wa Julai 1994 ugonjwa huu, pamoja na kuhara damu, uliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika kambi zilizozunguka Goma kwa muda wa wiki chache. Kwa depo ya dawa, maana yake ni kwamba mahitaji ya seromu, yaani maji ya dawa anayotundikiwa mgonjwa kwenye mshipa, yanaweza kuongezeka mara kadhaa ndani ya siku tatu, ilhali lori lenye nyongeza bado liko njiani kutoka Mombasa au linasubiri karatasi zake mpakani. Mwongozo huu unahusu siku hizo za katikati. Kanuni yake kuu ni kwamba mzigo hugawanywa kwa kuhesabu siku ambazo kila kituo kinapaswa kujitosheleza hadi shehena ijayo ifike, wala si kwa kufuata ukubwa wa ombi kilicholiandika.

Kazi ya kwanza ni kujua kiasi kilicho huru. Fishi ya stoki, yaani kadi ya kuandikia kinachoingia na kinachotoka depo, huonyesha jumla, na jumla hiyo hudanganya, kwa sababu ndani yake mna mifuko iliyovuja au inayosubiri kukaguliwa, na mna mizigo iliyokwisha kuandikiwa boni, yaani hati ya kutolea mzigo, ingawa gari la kuichukua halijafika. Tuchukue mfano wa seromu ya Ringer katika mifuko ya lita moja: fishi inaonyesha 2,400, mifuko 200 imetengwa kwa ukaguzi, na mingine 400 ina boni tayari. Kilicho huru ni mifuko 1,800, na hiyo ndiyo namba pekee inayopaswa kutajwa kwenye kikao cha kugawa mzigo. Hakikisha pia kwamba wote wanahesabu kwa kipimo kimoja, maana kituo kinachoomba «500» huenda kinasema lita, mifuko ya nusu lita au katoni, na tofauti hiyo inatosha kumaliza depo kwa asubuhi moja.

Mzigo ulio njiani huingizwa kwenye hesabu kulingana na hatua uliyofikia. Ulioagizwa tu, bila tarehe ya kuondoka, uhesabiwe kuwa haupo. Ulioondoka lakini haujavuka mpaka hutumika kukadiria urefu wa siku za kungojea, bila kuahidiwa kwa mtu yeyote. Uliokwisha kuvuka, ukiwa na orodha ya loti (mafungu ya dawa yaliyotengenezwa pamoja, kila moja na namba yake) na tarehe za mwisho wa matumizi, unaweza kugawanywa kwenye karatasi kabla haujashushwa, ili ufikapo katoni za kila kituo ziwekwe kando ya mlango badala ya kupandishwa rafuni na kushushwa tena saa mbili baadaye. Hata hivyo, haraka hiyo isiruke uandikishaji: kila loti iingie kwenye fishi kabla ya kutoka. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, makadirio ya zamani ya muda wa safari hayana tena maana, kwa hiyo ongeza siku mbili juu ya tarehe anayokupa msafirishaji.

Sasa mahitaji. Wastani wa matumizi ya kila mwezi, ambao ndio chombo chetu cha siku za kawaida, haufai hapa, kwa kuwa mwezi uliopita haukuwa na mlipuko. Omba hesabu ya wagonjwa wapya walioishiwa maji vibaya katika siku tatu zilizopita, pata wastani wa siku moja, kisha uuzidishe kwa lita za mgonjwa mmoja na kwa siku za kungojea. Mgonjwa wa namna hiyo huanza kwa kupewa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani lita sita kwa mtu mzima wa kilo 60 katika saa tatu za kwanza, na kwa kuwa anaendelea kupoteza maji, makadirio yanayotumiwa kwa kawaida ni lita nane hadi kumi kwa mtu mzima mmoja. Mtoto wa kilo kumi huanza na lita moja tu. Kituo chenye watoto wengi kihesabiwe peke yake.

Turudi kwenye mfano. Lori limetangazwa baada ya siku tano. Tukiongeza mbili, tunahesabu saba. Kituo cha Minova kimeomba mifuko 2,000, kituo cha mjini kimeomba 1,500, na hospitali moja imeomba 600, jumla 4,100, zaidi ya mara mbili ya kilicho huru. Minova inapokea wagonjwa mahututi 12 kwa siku: kwa lita nane kila mmoja ni 96 kwa siku, 672 kwa siku saba, na kwa kuwa kimebaki na mifuko 150, pengo lake ni 522. Kituo cha mjini kina wagonjwa 20 kwa siku, yaani lita 160 kila siku na 1,120 kwa wiki. Kimebaki na 60, hivyo pengo ni 1,060. Hospitali hutumia mifuko 30 kwa siku kwa upasuaji na uzazi, nayo ina 300, ambayo ni ya siku kumi, kwa hiyo haipati kitu wiki hii. Jumla ya mapengo ni 1,582, na mifuko 218 inabaki kuwa akiba. Anayeogopa kukosa huomba maradufu, na depo isiyouliza maswali humlipa kwa uoga wake huku aliyeomba kwa ukweli akipungukiwa.

Kama kilicho huru kingekuwa 1,000 tu, usikate kila ombi kwa asilimia ileile. Sawazisha siku: jumlisha 1,000 na mifuko 210 ambayo vituo hivyo viwili tayari vinayo, gawanya kwa matumizi yao ya siku, 256, upate siku 4.7 kwa kila kimoja. Minova itapata 304 na mji 696, na wote wawili wataishiwa siku ileile badala ya mmoja kulala na ziada. Upungufu huo uandikwe na kupelekwa kwa daktari mkuu wa eneo la afya siku hiyohiyo, kwa kuwa suluhisho lake, kama kuazima kwenye depo nyingine, liko nje ya mamlaka ya mtunza depo.

Kutengewa na kupelekewa ni mambo mawili tofauti. Minova iko ng'ambo ya ziwa kwa mtu wa Goma, na boti haiendi kila unapotaka, hivyo kituo chake kipelekewe fungu lake lote mara moja. Kituo cha mjini kinafikiwa kila siku. Kipe mifuko 320 ya siku mbili, na 740 inayobaki ikae depo ikiwa na jina lake. Wagonjwa wakipungua mjini, fungu hilo lililotengwa hupunguzwa na mifuko kurudi kwenye kiasi kilicho huru, jambo ambalo ni gumu sana mzigo ukishafika chumba cha kituo. Kumbuka pia uzito: mifuko 522 ya lita moja inazidi nusu tani.

Hakuna mfuko unaotoka bila mpira wa kutundikia na sindano yake, na pakiti za chumvi za kuyeyusha katika lita moja ya maji ziende pamoja, maana mgonjwa anayeweza kunywa asitumie seromu. Loti inayokaribia mwisho wa muda iende kwenye kituo kinachotumia kwa kasi zaidi, hata kama iliingia baadaye.

Mzigo wa mfadhili ulioandikiwa kituo fulani usiguswe bila ruhusa ya maandishi. Ruhusa ikipatikana, andika namba ya loti, kiasi na tarehe ya kurudisha. Simu za wakubwa zinazotaka «katoni chache tu» zijibiwe kwa adabu na kupelekwa kwenye kikao cha kugawa, kinachofanyika kwa saa iliyopangwa, ambapo mmoja anahesabu na mwingine anatia sahihi.

Lori likifika, hesabu inaanza upya kwa wagonjwa wa siku tatu za mwisho. Deni la loti zilizoazimwa hulipwa kwanza, vituo hufuata kwa mapengo yao mapya, na akiba hujazwa hadi kufikia angalau siku mbili za matumizi ya vituo vyote.