Leza inayoruka: ninavyoituliza, kuanzia skrubu hadi sevo

Leza yangu ya kwanza ilikuwa na tabia moja: mtu akiingia chumbani, inaruka. Hakuna aliyeigusa, meza haijatikiswa. Mlango ukifungwa tu, ile alama ya rubidi (metali ambayo atomu zake hunyonya mwanga wa rangi maalumu tu) ninayoitazama kwenye osiloskopu, skrini inayochora ishara za umeme, inahamia pembeni, kisha inarudi taratibu. Wiki mbili nzima nilikishuku kifaa cha umeme. Nikabadilisha kebo, nikalehemu upya viunganishi, nikamgombeza kimoyomoyo fundi aliyeviunganisha, ambaye ni mimi mwenyewe.

Mchawi alikuwa hewa. Katika leza ile mwanga unasafiri sentimita kadhaa kati ya dayodi (chipu inayotoa mwanga) na gretingi (kibao chenye mistari myembamba kinachorudisha rangi moja kwenye dayodi), tena boksi lilikuwa halina mfuniko. Hewa ikikandamizwa kidogo, kwa mwanga ni kana kwamba njia imerefuka. Kwenye nanomita 780, badiliko la hektopaskali 1 linasogeza masafa ya mwanga, yaani rangi yake, kwa karibu megahezi 100. Mlango ukisukuma hewa kwa paskali 10 tu, umeshahama megahezi 10, na mstari wa rubidi unaoufukuzia una upana wa megahezi 6.

Tangu hapo siwashi sevo yoyote (saketi inayopima kosa la leza na kulisahihisha yenyewe) kabla ya kuondoa kila kelele inayoondoka kwa mikono. Nguvu ya sevo ina kikomo, na kila kelele unayoiachia inakula sehemu ya nguvu hiyo. Nitaeleza kwa kutumia leza ya dayodi yenye gretingi kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Na kabla hujaiwasha, vaa miwani yake: kwa nanomita 780 jicho linaona wekundu hafifu tu, hivyo mtu hudhani mwanga ni mdogo, kumbe wote unaingia hadi kwenye retina.

Sikiliza kwanza

Kuna kelele ya nguvu, yaani mwanga kuongezeka na kupungua, na kuna kelele ya masafa, yaani rangi yenyewe kuyumba. Ya kwanza utaiona moja kwa moja kwenye fotodayodi, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Ya pili haionekani mpaka uipitishe kwenye kitu kinachogeuza masafa kuwa nguvu. Mimi huegesha leza kwenye ubavu wa mstari wa rubidi, pale kwenye mteremko: masafa yakiyumba, mwanga unaopita nao unapanda na kushuka.

Halafu naunganisha fotodayodi hiyo na amplifaya ndogo yenye spika. Wenzangu hucheka, lakini sikio linatambua mambo ambayo jicho lingeyatafuta kutwa nzima kwenye skrini. Mngurumo mzito usiobadilika ni umeme wa ukutani. Mlio unaobadilika ukishika feni ni feni. Chukua bisibisi, ugonge taratibu kwa mpini kila kishikio cha kioo na kila skrubu mezani. Kilichokazwa sawasawa kinatoa "tk" na kunyamaza. Kilicholegea kinalia "tiiing". Siku moja nilikuta skrubu ya kishikio cha gretingi inazunguka kwa ncha za vidole, na nilikuwa nimeshatumia siku tatu kuandika programu ya kuchuja kelele yake.

Usisahau kuziba mwanga kwa kadi. Mngurumo ukiendelea mwanga ukiwa umezibwa, basi hautoki kwenye leza, unatoka kwenye waya zako. Mara nyingi ni kitanzi cha ethi: vifaa viwili vimeunganishwa na ethi kwa njia mbili tofauti. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya pamoja na uondoe kebo zisizo na kazi. Waya wa ethi wenyewe usiukate kamwe, huo ndio unaokulinda.

Joto

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Alumini hurefuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii. Masafa ya mwanga wa nanomita 780 ni terahezi 384. Zidisha, utaona kwamba joto la resoneta ya alumini (kile kiunzi kinachoshika dayodi na gretingi) likipanda kwa sehemu moja tu ya elfu ya digrii, leza inahama takriban megahezi 9. Pumzi yako ikilipata boksi lisilo na mfuniko, imekwisha.

Kwa hiyo weka ngazi mbili. Ngazi ya ndani ni kishikio cha dayodi, kikiwa juu ya kibao cha Peltier, kinachohamisha joto kwa umeme, na themista (kipimajoto cha umeme) ya kiloomu 10 imezamishwa kwenye tundu dogo lenye grisi ya joto. Ngazi ya nje ni bati zito la chini, nalo likidhibitiwa peke yake. Upande wa pili wa Peltier unahitaji mahali pa kumwaga joto lake. Ukiuegesha kwenye kibati chembamba, joto litajaa na kidhibiti kitashindwa kabisa.

Mahali pa themista ndipo wengi huteleza, mimi nikiwamo. Niliichomeka kona ya mbali kwa sababu tundu lilikuwa tayari hapo. Joto likawa linapanda na kushuka kama bembea, kila nusu dakika, hata nifanyeje na vitufe. Sababu ni kuchelewa: Peltier ikishapoza, habari zinachukua sekunde nyingi kufika kwenye themista, na wakati huo kidhibiti bado kinaongeza ubaridi. Nikatoboa tundu jipya kati ya Peltier na dayodi, bembea ikaisha siku hiyohiyo.

Kurekebisha kidhibiti nafanya hivi. Nazima sehemu ya kujumlisha, inayokusanya kosa kadiri muda unavyopita, nabakiza peke yake ile ya uwiano, inayojibu kosa la sasa. Naiongeza kidogokidogo mpaka joto lianze kubembea, kisha naishusha hadi nusu. Ndipo narudisha ya kujumlisha, muda wake ukilingana na kipindi cha ile bembea niliyoiona. Sehemu ya tatu, inayofuata kasi ya mabadiliko, kwa kawaida naiacha sifuri. Kisha subiri. Usihukumu joto kwa dakika tano. Bati zito linaweza kuchukua saa nzima kutulia. Wala usipoze dayodi hadi unyevunyevu wa hewa uanze kutanda juu yake kama kwenye chupa iliyotoka frijini.

Mkondo na mwanga unaorudi

Dayodi tupu, isiyo na gretingi, kwa kawaida husogea gigahezi 1 au zaidi kwa kila miliampea. Yaani mikroampea moja ya kelele inatosha kukuhamisha megahezi nzima. Gretingi inapunguza sana athari hiyo lakini haiimalizi. Tumia chanzo cha umeme chenye transfoma ya kawaida, si kile cha kuwasha na kuzima kwa kasi, na kebo iwe fupi yenye kinga. Miguu ya dayodi iwe imeunganishwa pamoja muda wote unaposhughulika nayo, na uvae kamba ya ethi mkononi. Niliwahi kuua dayodi nzima kwa kuvua sweta tu kabla ya kuishika.

Mwanga unaorudi nyuma ni adui mpole. Leza inafanya kazi, ila mara kwa mara inaruka ghafla, au kelele inaongezeka bila sababu. Isoleta ya Faraday, kifaa kinachopitisha mwanga upande mmoja tu, ikiwa ya desibeli 30 inapunguza mwanga unaorudi hadi sehemu moja ya elfu, na bado wakati mwingine haitoshi. Inamisha kidogo kila lenzi, fotodayodi na dirisha, na chagua nyuzi za mwanga ambazo ncha zake zimekatwa mshazari wa digrii 8. Kumpata mkosaji si kazi kubwa: anzia mwisho wa njia ya mwanga, ziba kwa karatasi nyeusi, sogea kifaa kimoja kuelekea kwenye leza, ziba tena. Pale kelele inapokatika, kilichozibwa punde ndicho kinachorudisha.

Mtetemo sitauzungumzia sana. Mfuniko wenye mpira wa kuziba pembezoni (ndio ulionitatulia ule mlango), vitu vyenye feni vitoke mezani, na kebo zifungwe kwenye meza kabla hazijafika kwenye leza, kwani kebo inayoning'inia inasafirisha mtikisiko vizuri kuliko unavyodhani.

Sasa sevo

Baada ya hayo yote leza haitaruka, ila itatambaa. Inahitaji kitu cha kushikamana nacho. Atomu za rubidi ni zilezile popote, na hiyo ndiyo raha yake. Tatizo ni kwamba ndani ya chupa zinakimbia huku na huko, kwa hiyo mstari unatanuka hadi megahezi 500 hivi. Dawa yake ni kupitisha miale miwili inayokabiliana kwenye mvuke uleule, mmoja wenye nguvu na mwingine hafifu. Zile atomu zisizosogea kuelekea upande wowote ndizo pekee zinazoiona miale yote miwili kwa pamoja, na hapo ndani ya bonde pana kinachomoza kilele chembamba.

Unaweza kuishikisha leza kwenye ubavu wa kilele hicho. Ni rahisi, lakini siipendi njia hiyo, kwani nguvu ya mwanga ikiyumba sevo inadhani ni masafa, inaanza kusahihisha kosa ambalo halipo. Kushika kilele chenyewe ni bora: tikisa masafa kidogo kwa kasi inayojulikana, zidisha ishara ya fotodayodi na mtikiso huohuo, chuja. Unapata ishara ya kosa inayokata sifuri pale kileleni. Punguza upana wa kufagia, yaani umbali ambao masafa yanapelekwa huku na huko, hatua kwa hatua huku ukikiweka kilele katikati, kisha funga sevo. Leza ikikimbia badala ya kushika, geuza alama ya ishara ya kosa, ya kujumlisha iwe ya kutoa. Ongeza nguvu ya sevo mpaka ishara ya kosa ianze kulia, rudi nyuma kidogo.

Kazi igawe: piezo, kipande kinachorefuka kidogo kikipewa volteji na kusukuma gretingi, ishughulikie mambo ya polepole, mkondo ushughulikie ya haraka. Ukiilazimisha piezo kwenda kasi utafika kwenye mlio wake wa asili, mara nyingi kilohezi chache, na sevo itaanza kupiga kelele badala ya kuizima.

Wanaohitaji mstari mwembamba zaidi huacha atomu kwanza na kushika resoneta ya vioo viwili, ambamo mwanga wa masafa fulani tu hujengeka (huo ndio mwangwi wake), kwa njia ya Pound, Drever na Hall. Pound aliitumia kwenye mikrowevu mwaka 1946, Drever, Hall na wenzao wakaileta kwenye leza mwaka 1983. Uzuri wake ni kwamba inasoma mwanga unaorudishwa na resoneta, hivyo inakata sifuri katikati kabisa ya mwangwi na haibabaishwi na mwanga kupungua. Lakini jua unachokiomba. Kwa resoneta ya sentimita 10, uthabiti wa hezi 1 maana yake vioo visisogee zaidi ya umbali ulio mdogo kuliko protoni. Ndiyo maana inawekwa ndani ya ombwe, kwenye kioo maalumu kisichotanuka kwa joto.

Kelele ya nguvu huja mwisho. Weka njiani modyuleta ya akustiki (kifaa kinachotumia mawimbi ya sauti kupunguza au kuongeza mwanga), megea mwanga kidogo kwenye fotodayodi, linganisha na volteji tulivu, na tofauti ipunguze au iongeze nguvu ya modyuleta. Megea baada ya polaraiza ya mwisho (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu), kwa sababu uzi wa mwanga hupinda polaraizesheni, yaani upande huo wa mtetemo, polepole na polaraiza huigeuza kuwa kelele ya nguvu. Na usiinyime fotodayodi hiyo mwanga. Fotoni zinafika kwa kubahatisha; zikiwa chache, bahati nasibu yao inaandikwa na sevo kwenye mwanga wako wote.

Ukimaliza, usiiamini fotodayodi ya sevo. Hiyo itakuonyesha mstari ulionyooka hata sevo inapodanganya, kwani kazi yake ni kuunyoosha mstari huo. Weka ya pili isiyoshiriki, mahali mwanga utakapotumika hasa. Mimi huiacha irekodi usiku kucha pamoja na themista ya chumba. Asubuhi nazichapa chati mbili na kuziweka moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Zikipanda na kushuka pamoja, narudi kwenye mfuniko na grisi ya joto, sevo siigusi.